Jani Lenye Mkia

Chokaa mbichi ikimwagiwa maji haitulii. Huchemka yenyewe bila moto, hutoa mvuke, hupasuka kwa sauti ndogo kama ya mtu anayetafuna mahindi ya kukaanga, kisha hutoa harufu ambayo ukiivuta mara moja utotoni haikutoki tena: harufu ya ukuta uliolowa mvua, ya yai lililovunjika, ya kitu kilichokaa na kiu muda mrefu na sasa kinakunywa. Mwezi uliopita nilisimama kando ya kaburi la baba, kwenye kilima chetu huko Masisi, mwanamume mmoja akimwaga maji kwenye karai la chokaa ili alipake kaburi jeupe. Harufu ikapanda, na machozi yakanitoka. Mama mmoja akanishika bega akasema pole, baba amepumzika. Nikamwacha aamini hivyo. Nilikuwa nalilia karai.

Chokaa ile ilitoka kwenye kilima hiki hiki, na kabla ya kuwa chokaa ilikuwa jiwe, na ndani ya jiwe la namna ile mlikuwa na majani. Nilisaidia kuyachoma nikiwa na miaka tisa. Sikubeba kuni wala sikuwasha kiberiti. Nilisema maneno machache mbele ya watu wazima, nikiwa na hakika kabisa kwamba nasema kweli.

Chini ya nyumba yetu palikuwa na chemchemi ya maji ya moto. Maji yalitoka kwenye ufa wa mwamba yakiwa na joto la kutosha kuivisha yai, yakajaza dimbwi la kijani, kisha yakateremka kwa ngazi ngazi nyeupe ambazo hakuna mtu aliyezijenga. Wanawake walifulia pale, wazee waliloweka magoti. Ukisahau kikombe ukingoni, baada ya majuma kadhaa ulikikuta kimevaa ganda jeupe, kigumu, kama kimepikwa ndani ya chumvi. Hatukushangaa. Tulijua maji yetu yana mkono mzito.

Juu ya chemchemi, upande ulio mkavu, palikuwa na machimbo ya mawe ambayo sisi tuliyaita karyeri. Mawe yake yalikuwa ya rangi ya maziwa yaliyolala, yenye vitundu vitundu, mepesi kuliko yanavyoonekana. Papa Anselme, mwenye karyeri, alikuwa na tanuru alilolichimba ubavuni mwa kilima. Wanaume waliporomosha mawe, wanawake waliyavunja kwa nyundo, kisha yakapangwa ndani ya tanuru safu kwa safu na magogo ya mikaratusi na kuchomwa siku tatu. Nusu ya nyumba nyeupe unazoziona kutoka kwetu hadi Bweremana, nadhani, zilipakwa na kilima chetu.

Baba alikuwa mmoja wa wanaume wa karyeri. Jina lake la ubatizo lilijulikana na padri na mama tu. Wengine wote walimwita Walikale, kwa sababu alitoka huko, kwenye msitu, akamfuata mama hadi kwenye vilima vya wakwe zake akabaki. Walimwita hivyo kwa wema siku za kawaida. Siku zisizo za kawaida waliongeza kidogo. "Walikale, huku hatupandake miti, tunapanda maharagi!" Au, akikaa kimya muda mrefu: "Mumuache, anasikiliza nyani." Baba alicheka nao. Alikuwa na kicheko cha chini, cha mtu anayelipa ushuru ili apite.

Mimi sikujua kulipa ushuru huo. Shuleni niliitwa mtoto wa pori. Na mara mbili tatu kwa mwaka balaa langu lilifika kwa lori: shangazi, aliyekuwa akifanya biashara Hombo, alituma furushi la samaki wa moshi na viwavi wa kukaushwa, limefungwa ndani ya majani mapana kama sinia, ya kijani kilichokolea, yamekunjwa na kufungwa kwa kamba ya msituni kwa ustadi ambao mama, mtu wa migomba, hakuwahi kuuweza. Nyumba yote ilinuka moshi na unyevu. Baba aliyafungua majani yale polepole kama anamvua nguo mtoto aliyelala, akayanyoosha juu ya meza, akayanusa kabla ya kugusa samaki.

"Yatwale nje," mama aliniambia siku moja, baba akiwa kazini. "Uyatupe."

Nilipaswa kuyatupa nyuma ya jiko. Lakini nyuma ya jiko watoto wa jirani wangeyaona, na kesho yake darasani ningesikia. Basi niliyaficha chini ya sketi, nikateremka hadi chemchemi, nikayatumbukiza kwenye dimbwi la kijani mahali ambapo maji yanaanza kumwagika. Jani moja lilizunguka, likanasa kwenye ukingo mweupe, likatulia. Nililiona likitulia. Hilo nililikumbuka vizuri kupita kiasi.

Mwaka uliofuata, wanaume waliporomosha kipande kikubwa cha karyeri na nyuma yake ukatokea ukuta. Sina neno jingine. Ulikuwa na urefu wa watu wawili waliolala mfululizo, na kimo cha mtu aliyesimama, na wote umejaa majani. Majani juu ya majani, mengine yamelala bapa, mengine yamekunjika, kila mshipa umeandikwa kwenye jiwe kwa wembe. Mlikuwa na konokono wadogo kama punje ya mtama. Mlikuwa na matete yaliyobaki mabomba matupu, na tulipopuliza ndani yake yalitoa mlio. Kazi ilisimama. Hata Papa Anselme alivua kofia, ingawa baadaye alisema alikuwa anajifuta jasho.

Baba aliniita nije nione. Alikuwa amepiga goti mbele ya jani moja pana, akipitisha kidole gumba juu yake kuanzia kwenye kikonyo hadi kwenye ncha, na ncha ile ilikuwa ndefu, imechongoka, inaning'inia kama mkia wa panya.

"Unaona huyu mukia?"

"Ninaona."

"Jani ya pori iko na mukia juu ya mvua, haikatikake kule. Mayi ikiikala juu ya jani, jani inaota ukungu, inakufa. Basi mayi inafuata mukia, inatoka. Huku kwa mama yako majani haina mukia, mvua iko kidogo." Akagusa tena. Sauti yake ilibadilika. "Hii njo jani yetu. Hii njo tunafungiaka samaki."

Nikarudi nyuma hatua moja. Kwa sababu mimi nililitambua lile jani. Upana ule ule, mkia ule ule. Ni lile nililolitupa.

Mwalimu wetu, Mwalimu Dezire, kijana aliyeletwa kwetu mwaka mmoja kabla, alitupeleka darasa zima kuuona ukuta. Vitabu vya Kiswahili huita vitu vile visukuku. Yeye aliviita fosile, na alivieleza vizuri kuliko kitabu chochote nilichosoma baadaye.

"Musiseme jiwe ilimeza jani," alisema. "Jiwe haina mudomo. Wakati jani inaanguka, jiwe ilikuwa bado mayi. Mayi ya moto inapanda na chokaa ndani, vile chai iko na sukari na hauione. Ikifika kwa hewa, inaiacha ile chokaa, inaiangushia juu ya kila kitu. Jani inafunikwa. Ndani, jani inaoza, inaenda zake. Lakini kitanda chake inabaki."

"Na kila jani inakuwa fosile?" aliuliza mmoja wetu.

"Hapana! Karibu yote inapotea. Inakuliwa na wadudu, inakauka, inaoza kwa hewa. Ile inafunikwa upesi, njo inabaki. Kwa majani elfu na elfu, moja." Kisha akatuonyesha kwa fimbo. Chini, majani yenye mikia. Juu yake, mstari mweusi mwembamba kama uzi wa nguo: majivu ya volkano iliyolipuka zamani, upepo ukayaleta hadi hapa. Juu ya mstari mweusi, hakuna mikia tena, matete tu. "Hii kilima imebadilisha nguo," alisema. "Ilivaa pori. Kisha ikaona moto. Kisha ikavaa matete. Sasa imevaa majani ya ng'ombe. Ni zamani sana, sana."

Nilisikia kila neno, na nililielewa kila neno kinyume. Kwa mtoto wa miaka tisa, zamani sana ni kabla ya kuzaliwa kwa mdogo wake, na samaki wa shangazi walifika kabla mdogo wangu hajazaliwa. Mwalimu alikuwa ameeleza hasa nilichokifanya: jani limeingia majini, maji yamelifunika. Upesi, alisema. Niliuangalia ukuta mzima nikaona kosa langu limechongwa juu yake mara mia, na nikajua siri mbaya ambayo baba yangu hakuijua.

Ukuta ule, sasa, ulikuwa ndio jiwe bora kwa tanuru. Laini, lenye matundu, linaiva haraka, linatumia kuni chache. Baba na Mwalimu Dezire walimwomba Papa Anselme auache. Auache huo tu, achimbe upande mwingine. Papa Anselme alisema mambo ya karyeri huamuliwa na watu wa karyeri, basi Jumapili baada ya misa wote wakutane kwenye hangari, lile banda la chokaa.

Tulikaa juu ya magunia. Baba alikuwa na shati lake la misa. Nilikaa miguuni pake na daftari langu la komunyo ya kwanza, kwa sababu tulikuwa tumetoka mafundisho, na mafundisho ya siku ile yalihusu uongo. Katekista alituambia kwamba anayejua ukweli akanyamaza, amedanganya kwa mdomo uliofungwa.

"Haya, Walikale," Papa Anselme alianza, "waambie. Batu bote banaona jiwe. Weye unaona chakula."

Watu walicheka. Mama Furaha, mvunja mawe aliyekuwa na mikono kama ya mwanamume na ulimi mkali kuliko nyundo yake, akadakia: "Muulizeni kama samaki iko bado ndani, niweke sufuria!"

Baba alingoja kicheko kiishe. "Chekeni. Hata miye ningecheka. Lakini mutu mumoja anionyeshe hii jani ku hii kilima. Mumoja tu. Kwenye shamba, kwenye mutaro, popote."

Aliwatazama mmoja mmoja, gunia kwa gunia.

"Haiko," baba alisema. "Iko kwetu, kwenye pori. Na iko hapa, ndani ya jiwe. Njo kusema hapa palikuwaka pori. Mbele ya ng'ombe. Mbele ya maharagi. Mbele ya babu wa babu ya kila mutu mwenye anaikala kwa hii hangari."

"Eh! Kwa hiyo kilima iko yako?" sauti ilitoka nyuma, na safari hii kicheko kilichofuata kilikuwa chembamba, chenye makali.

Baba aligeuka kumtazama aliyesema. Sikuwahi kumwona akigeuka hivyo. Hakucheka kile kicheko cha chini. "Sikusema yangu. Nimesema hakuna mwenye aliikuta tupu. Miye nilikuta nyinyi. Nyinyi mulikuta bengine. Na bote, bote, balikuta kilima tayari iko na mambo yake. Hii jani haimujue mutu. Tuiache, watoto baione. Njo yote ninaomba."

Pakawa kimya. Leo najua kimya kile kilikuwa nini: baba alikuwa anashinda. Mama, aliyesimama mlangoni na mdogo wangu mgongoni, alikuwa ameinua kidevu. Papa Anselme alikuna shingo.

"Miye siko mutu mubaya," alisema hatimaye. "Kama iko ya zamani kweli, nitaiacha, nitachimba ngambo. Lakini nani atahakikisha? Walikale anatamani kwao, anaona kwao mupaka kwa mawe."

"Mimi ninahakikisha," alisema Mwalimu Dezire.

"Weye ulifika juzi!"

Na hapo nikasimama. Nataka ieleweke kwamba nilisimama kwa ujasiri. Mdomo uliofungwa ulikuwa unanichoma. Niliona baba yangu anaapa mbele ya watu juu ya kitu kisichokuwa cha kweli, na mimi peke yangu naweza kumwokoa asitende dhambi.

"Papa Anselme," nilisema, "hiyo jani ni yangu."

"Nini?"

"Ni miye niliitupaka. Shangazi alituma samaki, miye nikatupa majani ku mayi ya moto. Mayi ikaifunika, vile Mwalimu alisema. Haiko ya zamani."

Sijawahi, tangu siku ile, kusikia watu wakicheka hivyo. Walipigana mabega. Mama Furaha aliteleza kutoka kwenye gunia lake. Papa Anselme alifuta macho kwa kofia. "Mutoto hajui kuongopa! Walikale, pori yako iko na miaka ngapi? Iko na umri wa samaki!" Mwalimu Dezire alinyoosha mikono, akajaribu kueleza kwamba haiwezekani, kwamba mtoto amechanganya, lakini hakuna anayeweza kueleza kitu katikati ya kicheko cha namna ile. Jambo lilikuwa limekwisha. Nilimtazama baba nikingoja anishukuru.

Alikuwa ananitazama kama mtu aliyefungua furushi akakuta si la kwake.

Hakunipiga. Alinishika mkono tukateremka hadi chemchemi, na tulipofika aliuliza jambo moja tu.

"Juu ya nini ulitupa huku, usitupe nyuma ya jiko?"

Nilijua jibu. Lilikuwa kubwa kuliko mdomo wangu. "Juu... banatuchekaka. Banasema tunanuka pori."

"Na weye uliona haya."

"Ndiyo, Papa."

Alikaa kwenye ngazi nyeupe. Mvuke ulipita kati yetu. "Ukuta, hata bavunje. Lakini hii haya yako..." alisema, na hakumaliza.

Walianza kuuvunja Jumatatu. Kwa siku nne nilisikia nyundo nikiwa darasani. Siku ya tano, baada ya shule, nilichukua kitunga cha mama, nikavaa ukanda wake kwenye paji la uso kama wanawake, nikapanda hadi kwenye lundo lililongoja kuingizwa tanuruni. Nililipata lile jani. Lilikuwa kwenye bamba la jiwe la ukubwa wa Biblia ya kanisani, nene kama kiganja, limevunjika upande mmoja lakini mkia mzima. Nililiweka ndani ya kitunga nikalifunika kwa majani ya migomba. Sikujua ninachokifanya. Nilijua tu kwamba kama lilikuwa langu, basi nina haki ya kulichukua, na kama halikuwa langu, basi zaidi.

Nilipoinuka, Mama Furaha alikuwa amesimama mbele yangu na nyundo yake. Aliangalia kitunga. Aliangalia miguu yangu inayotetemeka chini ya uzito ule.

"Unabeba nini?"

"Kuni."

"Mm." Alikaa, akachukua jiwe jingine. "Kuni iko muzito leo." Akaanza kuimba kwa nguvu, akapiga nyundo kwa nguvu zaidi, hadi nilipokwisha kupita.

Tanuru liliwashwa. Siku tatu moshi ulilala juu ya kilima. Mimi na baba tulitazama kutoka mlangoni, na bamba la jiwe lilikuwa chini ya kitanda chake na mama, na alijua lipo.

Furushi jingine la shangazi lilipofika, baba alinituma mimi barabarani kulipokea. "Kwenye kichwa," alisema. "Usipite nyuma ya mashamba. Pita kati ya kijiji." Nilipita kati ya kijiji, nikinuka moshi na msitu kuanzia kanisani hadi kwetu, watoto wakinifuata wakipiga kelele za nyani. Hatua za kwanza nilitaka kufa. Nilipofika kwenye hangari ya chokaa nilikuwa natembea taratibu kwa makusudi.

Kutoka kwenye furushi lile baba alichagua jani moja, akalifunga kwa kamba kwenye jiwe, akaliweka mahali pale pale nilipotupa lile la kwanza. Kila siku ya soko tuliteremka kuliangalia. Juma la kwanza lilikuwa na vumbi jeupe. Mwezi wa pili lilikuwa na ganda jembamba kama la yai. Majani mengine yaliyoanguka karibu, yasiyofungwa, yalioza, yakachukuliwa na maji, hatukuyaona tena, na kuhusu lile nililolitupa mimi mwaka ule mwingine, tulipekua ukingo wote hatukukuta hata mshipa mmoja. Mwaka ulipopita, baba alilitoa jani lake. Ganda lilikuwa nene kama ukucha.

Alilipeleka nyumbani. Alitoa bamba chini ya kitanda, akaviweka pamoja mezani.

"Hii, mwaka mumoja," alisema akigusa ukucha. Kisha akageuza bamba, akanionyesha unene wake. "Na hii?"

Nilihesabu kwa vidole, nikapotea.

"Na hii ilikuwa chini," aliendelea. "Juu yake kulikuwa mawe kupita nyumba. Juu ya mawe, udongo. Juu ya udongo, ule muti mwenye balikata mbele ya kuchimba, mwenye shina haikuenea mikononi mwa batu batatu. Hesabu."

Sikuweza. Niliona tu kwamba nambari zinakwenda mbele yangu kama mtu anayetembea bila kugeuka, nami mbio mbio nyuma yake, na kila ninapofika pale alipokuwa, hayupo. Sijawahi kupata kizunguzungu kama kile, wala furaha ile. Kilima chetu kilikuwa na mvua zake kabla hakujawa na mtu wa kulowa. Na mimi nilikuwa nimekiambia kina umri wa samaki.

"Papa," nilisema, "nitaenda kuwaambia."

"Balishachoma." Alilifunga bamba pamoja na ukucha ndani ya kitenge cha zamani. "Lakini utabaambia. Siku moja. Weye mwenyewe."

Tulikikimbia kijiji kile miaka miwili baadaye, kama wengi walivyokimbia. Kila familia huko kwetu ina orodha ya vilivyobebwa, na orodha hiyo husema mengi kuliko hadithi ya vita yenyewe. Mama alibeba mdogo wangu na sufuria. Baba alibeba mbegu za maharagwe na godoro. Mimi nilibeba jiwe. Mama aliponiona njiani nimeinama alikaribia kulia kwa hasira. "Mutoto, batu banabeba unga, weye unabeba mawe?" Baba akasema, "Muache." Tulilala nalo kambini Kashuga, chini ya hema la plastiki, mwaka mzima na zaidi. Mdogo wangu aliligeuza mto. Mvua ilipoingia tulilitumia kukandamiza ukingo wa hema. Hakuna usiku ambao halikufanya kazi.

Baadaye nilikwenda Goma kusoma, nalo likaja. Mtaalamu mmoja wa miamba nilimwonyesha pale chuoni. Alikuwa mwangalifu, kama wanavyokuwa. Alisema kwa jani moja hawezi kutaja mmea, wala umri. "Lakini ule mkia," alisema, "huo hauna ubishi. Hilo ni jani la msitu wa mvua nyingi." Nilimpigia baba simu nikiwa bado mlangoni kwa yule mtaalamu. Nikakisikia kile kicheko cha chini, na kwa mara ya kwanza hakikuwa ushuru wa mtu yeyote.

Baba na mama walirudi kilimani. Alipougua, jamaa zake walisema apelekwe Walikale, mtu azikwe kwao. Alikataa. "Miye niko kwetu," aliwaambia. "Muulize jiwe." Walidhani ni homa.

Basi tulikuwa matangani, siku ile ya kupaka kaburi. Kwetu, kilio kikishapoa, watu hukaa pamoja na kumcheka marehemu: kila mtu husimulia ujinga wake mmoja, ili aende akiwa mwepesi. Ni desturi nzuri na sitaki ife. Papa Anselme alikuwepo, mzee sasa, fimbo mkononi. Alikuja kila siku ya msiba, na chokaa aliitoa yeye, gunia zima. Naye akasimulia. Mnakijua alichosimulia.

"...halafu kale katoto kakasimama! 'Papa Anselme, hiyo jani ni yangu!'" Alifuta macho kwa kofia, kama siku ile. Wote walicheka, vijana ambao hawakuwa wamezaliwa wakacheka zaidi. "Walikale wetu! Aliona kwao mupaka kwa mawe!"

Niliingia ndani, nikatoka na kile kitenge nilichokuja nacho, nikakifungua mbele yake. Nilileta na ukucha pia, lile jani la mwaka mmoja, nikaviweka sambamba juu ya gunia la chokaa. Kicheko kiliisha kipande kipande.

"Niliongopa," nilisema. "Sikujua, lakini niliongopa. Hii njo niliweza kutengeneza na baba, mwaka muzima. Na hii njo mulichoma. Muniambie ni ya samaki gani."

Papa Anselme alinyoosha mkono, akalichukua lile bamba, akaliweka magotini. Kidole gumba chake, kilichopasuka kwa chokaa ya miaka yote, kilipita juu ya jani kuanzia kikonyo hadi mkia. Alikirudisha. Alipitisha tena.

"Na mengine?" aliuliza kwa sauti ndogo. "Ule ukuta?"

Nilimwonyesha karai. Nilimwonyesha kaburi, lililopakwa nusu.

Papa Anselme alinirudishia bamba. Kisha akasimama kwa shida, akaenda kwa yule mwanamume mwenye karai, akamwambia akoroge saruji kidogo. Alipiga magoti mwenyewe upande wa kichwa cha baba, akachimba nafasi kwa mwiko wake, akaniashiria nilete jiwe. Tuliliweka pamoja, mkia ukielekea chini. Mama Furaha, ambaye hana meno tena lakini ulimi bado upo, alikuja akatazama, akatikisa kichwa.

"Hiyo jiwe iko laini, mama," aliniambia. "Miye niliivunja miaka mingi, ninaijua. Hapa inje mvua itaikula."

Wingu lilikuwa limekwisha kukaa juu ya kilima, jeusi, upande wa Walikale.

"Inyeshe," nilimwambia. "Iko na mukia."